Baiskeli, zabibu na siri ya Mwalimu

Asubuhi ya kwanza katika mji mdogo wa Gaiole in Chianti, katikati ya Italia, Mwalimu alichukua vipakiti vitatu vya sukari kwenye kaunta ya mgahawa, akavitia mfukoni. Kahawa yake alikuwa ameshaimaliza, chungu, bila hata chembe ya sukari.

Binti yake alimwona, akacheka.

“Baba, huku sukari hawaibanii. Ukitaka nyingine utapewa.”

“Niache, mama. Sisi tuliokulia Dodoma hatuachi kitu mezani.”

Wakacheka wote wawili, wakatoka nje kwenda kuchukua baiskeli. Hakuna aliyejua kwamba kabla ya saa sita mchana vipakiti vile vitatu vingehitajika, tena kwa haraka, na kwamba siri iliyofichwa kwa miezi minane ingefichuka kando ya barabara ya vumbi.

Mwalimu ana miaka 62. Alifundisha shule za msingi vijijini Dodoma mpaka alipostaafu. Mtaani kwao wakubwa kwa wadogo humwita hivyo, Mwalimu, na jina lake halisi wengi hawalijui. Binti yake, wa pili kati ya watoto wanne, anaishi Siena mwaka wa sita sasa na anafanya kazi katika nyumba ya kulelea wazee. Ndiye aliyemlipia baba yake nauli aje kumtembelea kwa wiki tatu mwezi Septemba.

Alipomuuliza angependa kuona nini, hakutaja Roma wala mnara wa Pisa ulioinama. Alisema anataka kuona zabibu.

Rafu rodi inayolindwa

Chianti ni nchi ya vilima kati ya miji ya Florence na Siena. Mgeni anayeijua kwa picha hutarajia kukuta mizabibu mwanzo hadi mwisho, lakini akifika hukuta msitu kwanza. Mialoni, michestinati na vichaka vizito vimefunika sehemu kubwa ya vilima, na mashamba ya zabibu yamekaa katikati yake kama viraka kwenye shuka. Katika misitu hiyo kuna nguruwe pori, ndiyo maana mashamba mengi yamezungushiwa uzio.

Kinachowavuta waendesha baiskeli ni barabara. Waitaliano huziita barabara nyeupe. Ni za changarawe ya mawe ya chokaa iliyosagwa, zinazong’aa jua likipanda na kutoa vumbi kama unga gari likipita. Mtanzania angeziita rafu rodi tu. Tofauti ni kwamba hapa watu walipigania zisitiwe lami.

Mwaka 1997 Giancarlo Brocci, mwenyeji wa Gaiole, alianzisha tamasha la baiskeli liitwalo L’Eroica, yaani la kishujaa. Mwaka huo walijitokeza waendeshaji 92. Lengo lilikuwa kuwakumbusha watu uendeshaji wa zamani, na wakati huohuo kuzilinda barabara nyeupe zisipotee. Leo maelfu huja kila mwaka mwanzoni mwa Oktoba, wakiwa na baiskeli zilizotengenezwa kabla ya mwaka 1987 na fulana za sufu za enzi hizo. Njiani hawapewi vinywaji vya kisasa vya wanamichezo. Hupewa supu nzito ya maharage, mboga na mkate, na wengine hula mkate uliolowekwa mvinyo na kunyunyiziwa sukari.

Kutokana na tamasha hilo, mwaka 2007 yalizaliwa mashindano ya wanariadha wa kulipwa yaitwayo Strade Bianche, ambayo humalizikia katika uwanja wa kale wa Piazza del Campo, Siena. Ya wanawake yaliongezwa mwaka 2015. Mchezo wa baiskeli za changarawe umefika Afrika Mashariki pia. Nchini Kenya, Migration Gravel Race ilianza mwaka 2021 katika eneo la Maasai Mara, ikipita njia ambazo wenyeji walishazizoea kwa miguu na pikipiki.

Asiye mwanariadha naye ana nafasi Chianti. Njia ya L’Eroica, yenye kilomita 209, imewekewa vibao na iko wazi mwaka mzima. Familia huchukua kipande inachokiweza. Mwalimu na binti yake walichagua kipande kifupi: kutoka Gaiole mpaka ngome ya Brolio, kama kilomita kumi hivi, kisha kurudi.

“Mimi si mgonjwa”

Kijana wa duka la kukodisha baiskeli alimtazama Mwalimu, kisha akatoa baiskeli yenye mota ndogo ya umeme. Alieleza, na binti akatafsiri, kwamba mota hiyo haimwendeshi mtu bure. Husaidia pale tu anapokanyaga pedali, na kwa sheria za Ulaya huacha kusaidia mwendo ukifika kilomita 25 kwa saa. Kwenye vilima vya Chianti, alisema, hata vijana huikodisha.

Mwalimu alikunja uso.

“Mwambie nimeendesha Phoenix miaka ishirini kwenye rafu rodi, nyuma nimebeba gunia la madaftari. Hiyo ya umeme ampe mgonjwa. Mimi si mgonjwa.”

Binti alijaribu mara moja tu. Anamjua baba yake. Wakachukua mbili za kawaida za changarawe.

Kwa macho, baiskeli hizi zinafanana na zile za mashindano ya lami, zenye usukani uliopinda kwenda chini. Tairi lake lakini ni nene zaidi, milimita 40 hivi, na upepo wake ni mdogo ili lishike changarawe na kupunguza mtikisiko. Lina kashata za kuuma vumbi. Breki ni za diski, na giya zake huwa nyepesi sana kwa ajili ya kupanda. Mwalimu aliikagua kama fundi wa kijiweni. Alibonyeza tairi kwa kidole gumba, akazungusha gurudumu, akasikiliza mnyororo.

“Hii hata ukienda nayo Mvumi haipati pancha,” alisema.

Kutoka Gaiole walianza na lami, wakipita msitu mmoja hadi mwingine. Hewa ilikuwa ya ubaridi. Kila msitu ulipokatika, zabibu zilitokea: mistari iliyonyooka ikipanda kilima, vishada vyeusi vikining’inia karibu na magoti ya wavunaji. Ilikuwa wiki ya mavuno.

Hapo Mwalimu alikuwa nyumbani. Alisimama kila baada ya mwendo mfupi akatazama. Alimweleza binti yake jambo ambalo binti, pamoja na kukaa huku miaka yote hiyo, hakuwahi kulifikiria. Mzabibu wa Chianti huvunwa mara moja kwa mwaka kwa sababu baridi kali huulaza usingizi. Dodoma hakuna baridi hiyo. Kule anayeuamsha mzabibu ni mkulima mwenyewe kwa mkasi wake: akipogoa, mti huanza upya. Ndiyo maana Dodoma huvuna mara mbili.

“Wenzetu wanaamshwa na majira,” alisema, “sisi tunaamshwa na mkasi.”

Binti naye alimsimulia habari za jogoo mweusi, nembo iliyobandikwa kwenye shingo za chupa za Chianti Classico, mvinyo ambao angalau asilimia 80 yake lazima iwe zabibu ya Sangiovese. Hadithi inasema hapo kale Florence na Siena zilichoka kugombania mpaka. Wakakubaliana kila mji utoe mpanda farasi, jogoo akiwika aondoke, na watakapokutana ndipo pawe mpaka. Siena walimlisha jogoo wao mweupe akanenepa, akalala fofofo. Florence walimnyima chakula jogoo wao mweusi. Njaa ikamwamsha kabla ya alfajiri, akawika, na mpanda farasi wao akaondoka mapema, akafika karibu kabisa na Siena kabla ya kukutana na mwenzake. Kwa hiyo Florence ikapata karibu Chianti yote.

“Kumbe njaa nayo ina faida,” Mwalimu alisema.

Ni maneno ambayo baadaye angeyakumbuka.

Mlima wa Brolio

Lami iliisha chini ya Brolio. Mbele yao barabara nyeupe ilipanda katikati ya misaipresi mirefu, iliyopangwa pande zote mbili kama askari wa gwaride. Juu kabisa, nyuma ya miti, kuna ngome ya ukoo wa Ricasoli, ulioimiliki tangu karne ya 12. Bettino Ricasoli, aliyekuwa waziri mkuu wa pili wa Italia iliyoungana mwaka 1861, ndiye anayetajwa kuweka kanuni ya kuchanganya zabibu za mvinyo wa Chianti. Siku ya L’Eroica waendeshaji hupita hapa kabla hakujapambazuka, na njia huwashiwa taa ndogo kandokando.

Kupanda mlima wa changarawe kuna adabu yake. Kwenye lami mtu huweza kusimama juu ya pedali akatumia uzito wa mwili. Kwenye changarawe akisimama, gurudumu la nyuma hukosa uzito na kuteleza. Inabidi akae kwenye kiti, achague giya nyepesi mapema, alegeze mikono, atazame mbali na wala si chini ya gurudumu.

Mwalimu alijua yote hayo bila kufundishwa. Alipanda vizuri mita mia za mwanzo, binti akiwa nyuma yake. Kisha akaanza kuyumba.

Binti alidhani ni mawe. Akamwita, baba hakuitika. Alipomfikia, Mwalimu alikuwa ameshuka, ameegemea usukani, jasho likimtiririka usoni na shingoni ingawa upepo ulikuwa wa baridi. Vidole vilikuwa vinatetemeka.

“Baba, kaa chini kidogo.”

“Niache! Nani amekuambia nimechoka?”

Sauti ile ndiyo iliyomshtua. Mwalimu ni mkali wa hoja, lakini si mtu wa kumfokea mtoto barabarani. Na maneno yalitoka mazito, kama ya mtu aliyeamshwa usingizini.

Kila siku kazini binti huyu huwahudumia wazee wenye kisukari. Jasho la baridi, kutetemeka, hasira isiyo na sababu, ulimi mzito: dalili hizo anazijua kwa vitendo. Lakini baba yake alimwambia kwa simu kwamba sukari yake imetulia na kwamba anatumia metfomini peke yake, dawa ambayo ikitumika yenyewe ni nadra kushusha sukari kupita kiasi.

“Baba, umekula nini leo?”

“Kahawa.”

“Dawa umekunywa?”

Kimya.

Alifungua kipochi kilichofungwa kwenye usukani wa baba yake. Ndani kulikuwa na leso, kipimo cha sukari cha kidole, na pakiti ya vidonge. Akaisoma: glibenklamidi.

Alimkalisha chini ya msaipresi, akamchoma kidole. Kipimo kilisoma 3.0. Chini ya 3.9, sukari imeshuka na mtu anapaswa kutibiwa papo hapo.

“Mfukoni,” Mwalimu alisema, akihangaika na zipu. “Nipe ile ya mfukoni.”

Vipakiti vitatu, kila kimoja gramu tano. Binti alimmiminia mdomoni kimoja baada ya kingine, akampa maji. Hapo ndipo alipoelewa kwamba asubuhi ile kwenye kaunta baba yake hakuwa mbahili. Alikuwa anajua.

Dakika kumi na tano

Kanuni ya kumsaidia mtu ambaye sukari imeshuka, akiwa bado ana fahamu na anaweza kumeza, ni rahisi kukumbuka: gramu 15 za sukari ya haraka, subiri dakika 15, pima tena. Ikiwa bado iko chini, rudia. Aliyepoteza fahamu hapewi kitu mdomoni kwa sababu anaweza kupaliwa. Huyo huitiwa msaada wa dharura mara moja.

Walisubiri. Shambani, upande wa pili wa miti, wavunaji waliwaona. Mama mmoja mwenye mkasi wa kuvunia alivuka akiwa na kishada kikubwa mkononi, akauliza kwa Kiitaliano kama mzee ameanguka. Binti alimweleza. Mama yule alitikisa kichwa kwa kuelewa, akakiweka kishada kwenye mapaja ya Mwalimu.

Zabibu za mvinyo ni ndogo kuliko za mezani, ngozi yake ngumu, mbegu zake nyingi. Lakini zikiwa tayari kuvunwa huwa tamu mno, na lita moja ya juisi yake huwa na zaidi ya gramu 200 za sukari. Sukari hiyohiyo ndiyo hugeuzwa na hamira kuwa kilevi. Mwalimu alizila polepole, moja moja, akitema mbegu kiganjani na kuzitazama.

Baada ya dakika 15 kipimo kilisoma 4.4. Mkono uliacha kutetemeka. Binti alitoa mkate wenye jibini aliokuwa ameubeba kwa ajili ya mchana, akamkatia nusu, kwa maana sukari ya haraka huisha haraka na lazima ifuatwe na chakula.

Ndipo akauliza.

“Tangu lini, Baba?”

“Tangu Januari. Metfomini ilishindwa peke yake. Daktari akaniongezea hiyo.”

“Mama anajua?”

“Anajua. Nilimkataza kusema.”

“Kwa nini?”

Mwalimu alikaa kimya muda mrefu. Trekta lilipita chini likivuta tela la zabibu.

“Ungejua, ungeanza kutuma hela ya dawa juu ya ile unayotuma. Na hela yenyewe sijui unaipataje. Mwalimu mstaafu anatibiwa na mwanawe kama mtoto mdogo. Nikaona bora ninyamaze.”

Binti hakujibu mara moja. Kisha alisema jambo ambalo naye hakuwahi kulisema nyumbani. Majira ya baridi yaliyopita alikaa miezi miwili bila kazi, mkataba wake ulipoisha na mwingine haujaanza. Hela aliyotuma miezi hiyo alikopa kwa rafiki. Deni alimaliza kulilipa Julai.

“Kwa hiyo mimi nakuficha, na wewe unanificha,” Mwalimu alisema.

“Halafu tunapigiana simu kila Jumapili, tunaulizana habari, wote tunasema nzuri.”

Hawakumalizia mlima siku ile. Mwili uliotoka kwenye kushuka kwa sukari huwa rahisi kushuka tena, na binti hakutaka kubahatisha. Mume wa yule mama mvunaji aliwarudisha kwa Ape, kile kigari cha magurudumu matatu cha Piaggio ambacho Mtanzania akikiona husema bajaji. Mwalimu alikaa mbele, baiskeli nyuma, binti akifuata kwa kukanyaga. Kwenye kona moja Mwalimu alichungulia dirishani.

“Ndiyo ile ya umeme niliyoikataa,” alipaza sauti. “Imekuja na dereva!”

Nini kilitokea mwilini

Wengi wanaoishi na kisukari wameonywa juu ya sukari kupanda. Kushuka huzungumzwa kidogo, na ni hatari kwa sababu huja ndani ya dakika chache. Kwa Mwalimu, mambo matatu yalikutana.

La kwanza ni dawa. Glibenklamidi hulisukuma kongosho litoe insulini, na huendelea kulisukuma hata kama mtu hajala. La pili ni tumbo tupu. Asubuhi ile alikataa andazi la kimanda aliloletewa akisema vitamu havimfai, akasahau kwamba kidonge alichokunywa kinahitaji chakula. La tatu ni mlima wenyewe. Misuli inayofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu kwa kasi, na huendelea kuivuta saa kadhaa baada ya mazoezi kwisha.

Kungeweza kuwa na la nne. Katika nchi ya mvinyo mgeni hukaribishwa glasi kila anapoingia, na Mwalimu alikuwa amepanga kuonja ngomeni. Ini ndilo hifadhi ya sukari ya mwili, na pombe hulizuia lisiitoe inapohitajika. Tena, dalili za sukari kushuka hufanana na ulevi. Mtu anaweza kuachwa kwenye kiti akidhaniwa amelewa, kumbe anahitaji msaada.

Hayo yote hayana maana kwamba mwenye kisukari asipande baiskeli. Shirika la Afya Duniani linawashauri watu wazima, wakiwemo wenye magonjwa sugu kama kisukari, wafanye mazoezi ya wastani ya dakika 150 hadi 300 kwa wiki. Baiskeli ni miongoni mwa mazoezi rafiki kwa magoti, na misuli iliyozoea kazi huitumia insulini vizuri zaidi. Kinachotakiwa ni maandalizi: kumweleza daktari kabla ya safari, kula, kupima kabla na katikati ya mwendo, kubeba sukari mahali ambapo mkono unafika, na kuwa na mwenza anayejua unatumia dawa gani.

Hilo la mwisho ndilo Mwalimu alilolikosa, ingawa mwenza mwenyewe alikuwa mita tano nyuma yake, na kazi yake ni hiyohiyo.

Safari ya pili

Jioni ile walimpigia mama simu, spika ikiwa wazi mezani.

“Shikamoo, Mama. Baba ameniambia.”

“Marahaba, mwanangu.” Kukawa kimya, kisha: “Mungu ni mwema. Nilikuwa nimechoka kubeba.”

Kesho yake waliongea na daktari wa kliniki anayohudhuria Mwalimu. Alimuuliza maswali mengi, akampangia upya dozi na muda wa kunywa dawa kwa siku za mazoezi, akamtaka apime mara nyingi zaidi na arudi kliniki mara atakapofika nyumbani. Kubadilisha dozi ni kazi ya daktari. Mgonjwa hapaswi kujipunguzia au kuacha dawa kwa kusikia habari za mwingine.

Siku tano baadaye walirudi Gaiole. Mwalimu alikunywa chai, akala mkate na mayai, akapima. Kijana wa duka alipotoa baiskeli ya umeme, hakusema neno. Aliishika usukani, akauliza kitufe kiko wapi.

Safari hii walipanda mlima wa misaipresi bila kusimama. Mota ilivuma kidogo kama nyuki, lakini pedali zilikanyagwa na Mwalimu, na jasho lililomtoka lilikuwa jasho la kazi. Katikati ya mlima alisimama kwa hiari yake, akapima mbele ya binti yake, akamwonyesha namba kabla hajaulizwa. Akala biskuti mbili. Wakaendelea.

Juu ya kuta za ngome upeo hufunguka. Chini ni mizabibu, kisha msitu, kisha mizabibu tena, barabara nyeupe ikiingia na kutoka kama uzi. Siku ikiwa safi, minara ya Siena huonekana mbali kusini-magharibi, na siku ile ilikuwa safi. Binti alimwonyesha baba yake upande ilipo nyumba anayofanyia kazi, ingawa haikuonekana.

“Wazee wako wale,” Mwalimu aliuliza, “wana watoto?”

“Wengi wanao.”

“Wanawaambia ukweli?”

“Wengine. Wengine wananiambia mimi, wananikataza nisiwaambie watoto wao.”

Mwalimu alitikisa kichwa. “Jogoo wa Florence,” alisema. “Anakaa na njaa, halafu watu wanamsifu kwa kuwika mapema.”

Chumba cha kuonjea mvinyo kilikuwa wazi. Walimpa glasi yenye kidogo chini, nyekundu ya damu ya mzee. Aliizungusha kama alivyowaona wengine, akanusa mara mbili, akafumba macho. Kisha akaiweka kaunta ikiwa kamili.

“Zabibu hii imeona mvua nyingi kuliko ya kwetu,” alisema. Basi, hiyo ndiyo ikawa kuonja kwake.

Kurudi kulikuwa kushuka, na kushuka kwenye changarawe kuna adabu kuliko kupanda. Mtu hashiki breki ya mbele ghafla, hupunguza mwendo kabla ya kona wala si ndani yake. Binti alimtangulia. Kila baada ya kona aligeuka kidogo, na kila alipogeuka baba alikuwepo, vumbi jeupe likipanda nyuma yake.

Walipofika Gaiole waliingia katika mgahawa uleule. Mwalimu aliagiza kahawa, akainywa chungu. Kisha akanyoosha mkono kwenye kibakuli cha sukari, akachukua vipakiti vitatu, akavipanga mezani mbele ya binti yake, mmoja baada ya mwingine, wazi.

Binti aliviangalia. Akachukua viwili zaidi, akamwongezea.

“Chukua vitano, Baba. Kesho tunaenda mbali zaidi.”